Kwenda Granada kuona Alhambra: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na Waswahili walioko Ulaya, na pia na wanaopanga safari wakiwa Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar au Muscat. Baadhi ya majibu ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni dogo. Mengine nimeyarefusha kwa makusudi, maana wengi huenda Granada, wakapiga picha, wakarudi bila kujua walikuwa wamesimama mbele ya nini.

Granada iko wapi, na ina nini ambacho Madrid au Barcelona haina?

Iko Andalusia, kusini mwa Uhispania, kwenye mwinuko wa mita 700 hivi kutoka usawa wa bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada. Ndio mji wa mwisho wa Waislamu katika rasi ya Iberia, yaani Uhispania na Ureno za leo. Jemadari Mwislamu Tariq bin Ziyad alivuka bahari kutoka Maghreb, kaskazini magharibi mwa Afrika, mwaka 711. Karne tano baadaye miji mikubwa ilianza kutwaliwa na wafalme Wakristo mmoja baada ya mwingine: Córdoba mwaka 1236, Sevilla mwaka 1248. Granada ikabaki mikononi mwa ukoo wa Banu Nasr kwa zaidi ya miaka 250, mpaka tarehe 2 Januari 1492.

Katika muda huo wote, waliokimbia miji iliyoanguka walikuwa wakimiminika Granada: mafundi wa lipu, maseremala, wafumaji wa hariri, wakulima, washairi. Ufundi uliokuwa umesambaa nchi nzima ukajikusanya chini ya mlima mmoja. Ukiingia Alhambra, ngome na majumba ya Banu Nasr juu ya kilima, unachokiona ni kazi ya watu hao.

Waislamu hao, wanaoitwa Wamori, hasa ni akina nani?

Ni jina walilopewa na Wakristo wa Ulaya, na ndani yake kuna watu wa asili nyingi. Kulikuwa na Waarabu, kulikuwa na Waamazigh (Waberberi) kutoka Maghreb, na kulikuwa na wenyeji wa Iberia wenyewe waliosilimu na kuzaa vizazi kwa vizazi vya Waislamu. Wayahudi nao walikuwa sehemu ya mji: katika karne ya 11, chini ya wafalme wa Kizirid waliotawala kabla ya Banu Nasr, waziri mkuu wa Granada alikuwa Myahudi, Samuel ibn Naghrela, aliyekuwa pia mshairi na mwanachuoni.

Ni muhimu kulijua hili kabla ya kusafiri, kwa sababu utasikia ikisemwa kwamba mwaka 1492 “wageni walirudi kwao”. Wengi hawakuwa na kwao kwingine. Mkataba wa kuusalimisha mji uliwaahidi dini yao, misikiti yao na sheria zao. Ahadi hiyo haikumaliza miaka kumi. Kuanzia 1499, chini ya Askofu Mkuu Cisneros, watu walibatizwa kwa nguvu na vitabu vya Kiarabu vikachomwa hadharani. Wajukuu wao, walioitwa Wamorisko, waliasi katika milima ya Alpujarras mwaka 1568 wakashindwa, na kati ya 1609 na 1614 watu wapatao 300,000 wakafukuzwa Uhispania nzima.

Tiketi ya Alhambra naipataje?

Hili ndilo swali la kwanza kwa umuhimu. Nunua tiketi kabla hujanunua ya ndege. Sizidishi chumvi: idadi ya wanaoingia kila siku ina kikomo, na katika majira ya kuchipua na kiangazi tiketi huisha wiki nyingi kabla. Nunua kwenye tovuti rasmi ya mamlaka ya Alhambra. Tiketi kamili inajumuisha ngome ya Alcazaba, majumba ya Banu Nasr na bustani za Generalife. Watoto walio chini ya miaka 12 hawalipi, ila nao lazima wakatiwe tiketi yao.

Tiketi huandikwa jina na nambari ya pasipoti, kwa hiyo beba pasipoti yenyewe. Itaangaliwa zaidi ya mara moja.

Kisha kuna saa. Tiketi ina saa maalumu ya kuingia majumba ya Banu Nasr, na saa hiyo ikipita, imepita, kubembeleza hakusaidii. Lango kuu la upande wa Generalife liko mbali na majumba, dakika 15 mpaka 20 kwa miguu. Nimeona familia zikifika langoni saa ileile iliyoandikwa kwenye tiketi, zikidhani zimewahi, na huko mbele zikazuiwa. Uwe karibu na majumba nusu saa kabla.

Tiketi kamili zikiisha, tazama tiketi ya bustani na ngome bila majumba, tiketi ya usiku, au ile iitwayo Dobla de Oro inayounganisha Alhambra na majengo ya kale ya mtaa wa Albaicín. Safari za kuongozwa na waongozaji wenye leseni nazo huja na tiketi yake, kwa bei ya juu zaidi.

Nikishaingia, nianzie wapi?

Saa ya majumba ndiyo itakayoamua. Kama ni asubuhi, anza na majumba, kisha ngome, umalizie Generalife. Kama ni mchana, anza na Generalife mapema kabla jua halijawa kali.

Alhambra si jumba moja. Ni mji mdogo wenye kuta juu ya kilima. Alcazaba, ngome ya askari, ndiyo ya zamani zaidi. Panda mnara wa Vela uone mji mzima. Muhammad I, mwanzilishi wa ukoo wa Banu Nasr, aliingia Granada mwaka 1238, na kazi yake kubwa ilikuwa maji: mfereji uitwao Acequia Real, unaoyachota maji ya mto Darro kilomita 6 hivi juu bondeni na kuyaleta kwa mteremko wa taratibu mpaka juu ya kilima. Bila mfereji huo kusingekuwa na bustani, mabwawa, wala bafu.

Kwa hiyo, kila utakapopita fuata maji. Katika jumba la Comares, la enzi ya Yusuf I (1333 hadi 1354), bwawa refu limelala katikati ya ua, na mnara wenye urefu wa mita 45 unajitazama ndani yake. Maji huingia polepole mno kutoka mabakuli mawili ya marumaru yaliyo ncha zote mbili ili yasivuruge kivuli hicho. Katika ua wa Simba, uliojengwa na mwanawe, Muhammad V, mambo ni kinyume: maji hutoka ndani ya vyumba kwa mifereji myembamba ya marumaru, kutoka pande nne, yakakutana kwenye bakuli lililobebwa na simba 12. Na kule Generalife kuna ngazi ambazo sehemu ya kushikia mkono, kulia na kushoto, ni mfereji wa maji. Weka mkono wako humo. Siku ya joto la nyuzi 38 utawashukuru.

Nilisoma chuoni utotoni lakini Kiarabu cha kuzungumza sina. Nitaweza kusoma kuta?

Utaweza, na hapa ndipo unapowazidi wageni walio wengi. Wengi huziona kuta zile kama mapambo matupu. Wewe uliyeshika msahafu na alifu zake utaona maneno.

Anza na rahisi. Tafuta utepe au ngao ndogo yenye maneno *Wa la ghaliba illa Llah*, yaani hapana mshindi ila Mwenyezi Mungu. Ndiyo kaulimbiu ya Banu Nasr, na imerudiwa ukutani, juu ya nguzo, kwenye mbao na kwenye vigae, mara nyingi kiasi kwamba baada ya chumba cha pili jicho litakuwa linaikamata lenyewe. Kuna hati ya Kikufi yenye pembe, ambayo alifu na lamu zake zimenyooshwa juu na kusokotwa kama ukili. Hiyo ni ngumu. Ile ya mviringo inasomeka.

Kisha ingia ukumbi wa Comares, alipokaa sultani kupokea wajumbe. Simama katikati utazame juu. Dari ni la mbao, vipande zaidi ya 8,000, nyota zimepangwa tabaka juu ya tabaka, saba kwa hesabu. Sasa shusha macho hadi pale dari linapokutana na ukuta. Imeandikwa Surat al-Mulk, Tabaraka, ambayo wengi wetu tuliihifadhi tukiwa wadogo: *alladhi khalaqa sab'a samawatin tibaqa*, aliyeziumba mbingu saba kwa matabaka. Fundi amekuwekea aya, na juu ya aya akakuwekea maana yake kwa mbao. Kwangu mimi hakuna kitu Alhambra kinachozidi hapo, wala huo ua wa Simba.

Mengine ni mashairi. Yaliyozunguka bakuli la simba ni ya Ibn Zamrak, beti 12, na yanasema kwamba maji na marumaru vimefanana hata mtazamaji hajui ni kipi kinachotiririka. Ibn Zamrak alizaliwa Albaicín katika familia ya kawaida, akawa waziri. Mwalimu wake, Ibn al-Khatib, alinyongwa gerezani Fez, Moroko, na mwanafunzi huyo alikuwa na mkono katika kumwangusha. Naye akaja kuuawa. Waandishi wa kuta hizi tamu hawakuwa na maisha matamu.

Angalia pia zidaka. Mlangoni mwa kumbi, pande zote mbili za kizingiti, kuna vijidirisha visivyotokeza nje, vya kuwekea mtungi wa maji, na shairi lililovizunguka linaongea kwa niaba ya mtungi wenyewe. Aliyekulia Lamu au Pate, mwenye kuzijua zidaka za nyumba za kwao, hatahitaji kuelezwa.

Kwani kuna uhusiano wowote kati ya Granada na pwani yetu?

Upo, na una jina la mtu. Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Kilwa alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu ukarimu wake. Karibu miaka 20 baadaye, mnamo 1350, msafiri huyohuyo akaingia Granada. Hakuonana na Sultani Yusuf kwa sababu alikuwa mgonjwa, ila mama yake sultani alimpelekea dinari za dhahabu. Akiwa mjini alikaa kwenye bustani ya mwenyeji mmoja akasimulia safari zake, na miongoni mwa waliokuwa wakisikiliza alikuwamo kijana wa Granada, Ibn Juzayy. Baadaye, mjini Fez, kijana huyo ndiye aliyekabidhiwa kuyaandika masimulizi yote. Maelezo ya Kilwa ya 1331 tunayoyasoma leo yametoka katika kalamu ya mtu wa Granada.

Sisemi kwamba Kilwa iliiga Alhambra au Alhambra iliiga Kilwa. Lakini Husuni Kubwa ya Kilwa, jumba la mawe ya matumbawe lenye bwawa la pembe nane juu ya mwamba unaotazama bahari, ni la karne ileile ya 14. Ukifika Granada ukajisikia kama unayajua majengo yale, haikuwa ndoto.

Lile jumba kubwa la mraba katikati ya Alhambra ni la nini?

Ni la Carlos V, mfalme wa Uhispania, aliyeanza kulijenga mwaka 1527 kwa mchoro wa Pedro Machuca. Nje ni mraba, ndani ni ua wa mviringo wenye nguzo. Hakuishi humo kamwe. Ni jengo zuri lililowekwa mahali pasipo pake. Kuingia ua wake ni bure, na chini kuna jumba la makumbusho ya Alhambra.

Sikupata tiketi kabisa. Safari imeharibika?

Hapana. Mji wa chini una mengi, na wenye tiketi huwa hawayaoni kwa haraka zao.

Albaicín, kilima kinachoitazama Alhambra, ndio mtaa wa kale wa Waislamu, na tangu 1994 umo katika urithi wa dunia wa UNESCO pamoja na Alhambra iliyoingizwa 1984. Vichochoro vyake ni vyembamba na vya kupinda, nyumba zimefunga uso kwa nje na bustani zimefichwa ndani. Mtu wa Mji Mkongwe hatapotea humo, au akipotea hatajali. Tafuta matangi ya maji ya matofali, aljibe, yaliyojengwa kando ya misikiti. Mengi bado yapo ingawa misikiti yake ni makanisa sasa.

Chini, kando ya mto Darro, kuna El Bañuelo, hamamu ya karne ya 11, yenye dari lililotobolewa matundu ya nyota ya kuingizia mwanga. Karibu na kanisa kuu kuna Corral del Carbón, nyumba ya wafanyabiashara wa safari ya karne ya 14: mlango mkubwa, ua, birika la maji katikati, maghala chini na vyumba vya kulala juu. Na mbele ya Capilla Real, kanisa la kifalme, kuna Madrasa ya Yusuf I ya mwaka 1349. Nje inaonekana kama jengo lolote la kizamani la Kihispania, lakini ndani umebaki ukumbi wa sala na mihrabu yake, yenye rangi.

Alcaicería, soko la hariri, iliungua mwaka 1843. Iliyopo sasa ni ndogo na imejengwa upya, na bidhaa nyingi ni za watalii. Pita tu.

Capilla Real, walipozikwa Isabel na Fernando, niingie?

Ingia. Ni wao, malkia na mfalme Wakristo, walioupokea mji mwaka 1492, na waliagiza wazikwe hapo badala ya penginepo. Usiishie kwenye sanamu za marumaru. Nenda karibu na madhabahu utazame michongo ya mbao iliyo chini: upande mmoja mji unasalimishwa, upande mwingine Waislamu wanabatizwa kwa makundi, wanawake wakiwa wamejifunika nguo zao. Waliochonga waliliona jambo hilo kuwa la fahari. Simama hapo kidogo.

Ukiwa mjini tarehe 2 Januari utakuta sherehe ya kila mwaka ya kuutwaa mji, na siku hizi utakuta pia wenyeji wanaoipinga.

Kuna msikiti? Naweza kuswali Alhambra?

Msikiti Mkuu wa Granada uko juu Albaicín, ubavuni mwa uwanja wa San Nicolás. Ulifunguliwa mwaka 2003 baada ya mivutano ya miaka mingi, na Wahispania waliosilimu walikuwa mstari wa mbele kuujenga. Bustani yake iko wazi kwa wageni wa dini zote nyakati za kutembelewa, na inaitazama Alhambra ana kwa ana. Uwanjani jirani watu wanasukumana kutafuta picha. Hapa kuna kivuli na utulivu. Vaa kwa heshima, na wakati wa sala uwaachie wanaoswali.

Alhambra yenyewe ni makumbusho, si mahali pa kuswali. Utapita kwenye kijimsikiti kidogo cha Mexuar chenye mihrabu na madirisha yanayotazama bondeni, lakini hapo ni pa kupita na kutazama.

Chakula halali nitapata?

Utapata, ila uliza. Mtaa wa Calderería Nueva na Elvira umejaa mikahawa ya Wamoroko na Wasyria, na vyumba vya chai ya mnanaa.

Granada ina desturi ya kukuletea kisahani cha chakula bure kila ukiagiza kinywaji, hata kama ni soda. Kisahani hicho mara nyingi kina nyama ya nguruwe, kwa hiyo sema mapema *sin cerdo*, yaani bila nguruwe. Maharage mabichi ya Granada nayo hupikwa na paja la nguruwe. Tahadhari zaidi na vitamutamu: biskuti za kienyeji za *mantecado* hutengenezwa kwa shahamu ya nguruwe. Samaki wa kukaanga wako kila mahali. Jaribu *remojón*, kachumbari ya machungwa, samaki mkavu na zaituni.

Niende msimu gani, siku ngapi?

Aprili, Mei, na Oktoba. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35. Desemba hadi Februari ni baridi kweli na Sierra Nevada ina theluji, lakini tiketi ni rahisi kupatikana na majumba yana nafasi. Siku mbili kamili zinatosha, tatu ni bora.

Nafikaje, na visa je?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji visa ya Schengen. Uhispania ina balozi Nairobi na Dar es Salaam. Ukiishi Ujerumani au Uholanzi kwa kibali halali huhitaji visa nyingine. Ukiishi Uingereza na pasipoti ya kwetu, unahitaji.

Njia nyepesi ni kutua Málaga na kupanda basi, saa moja na nusu hadi mbili. Kutoka Madrid kuna treni ya mwendo kasi, saa tatu na ushei.

Nina mama mtu mzima, magoti yanamsumbua.

Mlete, lakini msipande kwa miguu. Mabasi madogo mekundu C30 na C32 hufika Alhambra, na C31 huzunguka Albaicín. Viatu viwe vya raba vyenye soli ngumu, maana njia za Albaicín zimetandazwa kokoto za mviringo na zikilowa zinateleza. Ndani ya Alhambra kuna sehemu zenye ngazi nyingi, hasa minara. Mwache akae kando ya bwawa wakati ninyi mnapanda.

Karibu na kanisa kuu wanawake watampa kijitawi cha majani akidhani ni zawadi, kisha watadai hela. Asipokee. Na pale San Nicolás jioni, mkoba ukae mbele.

Nikiwa na siku ya ziada, Córdoba au Sevilla?

Córdoba. Treni huchukua saa moja na nusu hivi. Msikiti wake mkuu ulianzwa na Abd al-Rahman I mwaka 785 hivi, na msitu wake wa nguzo na matao mekundu na meupe haufanani na kitu kingine. Katikati yake limechomekwa kanisa kuu. Walinzi hawaruhusu Waislamu kuswali humo, kwa hiyo jiandae moyo.

Sevilla ina mnara wa Giralda, uliokuwa mnara wa msikiti uliomalizika 1198, na jumba la Alcázar alilojenga mfalme Mkristo Pedro I katika miaka ya 1360. Pedro alikuwa rafiki wa Muhammad V wa Granada, na ukutani kwake, ndani ya jumba la mfalme Mkristo, utaisoma tena kwa Kiarabu kaulimbiu ya Banu Nasr. Ukienda huko, itenge siku nzima.